Fanny Hensel na Nyimbo Zilizotoka kwa Jina la Mdogo Wake

Mnamo Julai 1842, Felix Mendelssohn, mtunzi wa muziki wa Kijerumani, alialikwa katika kasri la Buckingham, London, kuzungumza na Malkia Victoria na mumewe Albert. Halikuwa tamasha, walikuwa watu wachache chumbani, pamoja na kinanda na karatasi za noti. Malkia alipokubali kuimba, alisema kwanza kasuku wake aondolewe, la sivyo ndege huyo angepiga kelele kumshinda yeye, na Felix mwenyewe akakibeba kizimba na kukitoa nje. Kisha malkia akachagua wimbo alioupenda kuliko mingine katika kitabu cha kwanza cha nyimbo za mgeni wake, wimbo uitwao "Italien", akauimba vizuri kwa jumla. Alipomaliza, Felix hakuwa na njia ila kukiri kwamba wimbo ule si wake, bali ni wa dada yake Fanny. Katika barua aliyompelekea mama yake baada ya ziara hiyo, alieleza kwamba kukiri huko kulimwia vigumu sana, lakini kiburi hakina budi kushushwa. Halafu akamwomba malkia amwimbie na mmoja ambao kweli aliutunga yeye.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama ushahidi wa wizi, na mimi nadhani kinasema jambo gumu zaidi ya hilo. Mwizi hakiri mbele ya malkia, wala hamwandikii mama yake kuhusu aibu aliyoipata. Mkusanyiko ule wa nyimbo 12, uliopewa namba ya opasi 8 (opasi ni namba ya mpangilio wa kazi za mtunzi zilizochapishwa), ulikuwa na tungo tatu za Fanny, na mwingine uliofuata mwaka 1830, opasi 9, ulikuwa na tatu nyingine. Jamaa wote walijua. Asiyejua ni mnunuzi wa kitabu, ambaye kwa karibu miaka 15 aliimba "Italien" akidhani anamwimba Felix. Ilikuwa siri ya nyumbani iliyokubaliwa na kila mtu mezani, na ndiyo maana ilidumu. Kilichomfunika Fanny Mendelssohn kilikuwa mpango wa familia iliyompenda, uliotekelezwa kwa heshima na mapenzi na watu waliokuwa wa kwanza kukiri kwamba ana kipaji.

Alizaliwa Hamburg tarehe 14 Novemba 1805, akiwa kifungua mimba wa Abraham na Lea Mendelssohn, na Felix akafuata zaidi ya miaka mitatu baadaye. Babu yao alikuwa Moses Mendelssohn, mwanafalsafa mashuhuri wa Kiyahudi, na baba yao alikuwa mwenye benki. Lea, ambaye mwenyewe alikuwa mpigaji mzuri wa piano, alivitazama vidole vya mtoto mchanga akasema kwamba hivi ni vidole vya kupigia fuga za Bach. Familia ilipohamia Berlin, watoto hawa wawili walifundishwa na walimu wale wale: Ludwig Berger kwenye piano, na Carl Friedrich Zelter katika utunzi. Mwaka 1818, akiwa na umri wa miaka 13, Fanny alimpa baba yake zawadi ya kumpigia kwa kichwa preludi 24 za Bach. Asiyepiga piano huenda asione uzito wa jambo hilo: ni vipande 24 katika funguo zote, kila kimoja na tabia yake na mitego yake ya vidole, na msichana huyo alivipiga bila karatasi mbele yake. Wakati huo Felix alikuwa na umri wa miaka tisa. Kama kulikuwa na mtoto wa ajabu katika nyumba ile, wa kwanza alikuwa binti.

Tarehe 16 Julai 1820, Abraham alimwandikia bintiye barua ambayo sasa inajulikana kuliko barua zake zote za biashara. Alimwambia kwamba kwa Felix huenda muziki ukawa kazi yake, lakini kwake yeye Fanny muziki unaweza na unapaswa kuwa pambo tu, usiwe kamwe msingi wa maisha yake. Barua hiyo si kali. Imeandikwa kwa upole, na ndani yake yumo baba anayemsifu binti yake kwa kumfurahia mdogo wake anaposhangiliwa. Lakini hukumu ilikuwa imetolewa: masomo yale yale, walimu wale wale, meza ile ile, na mwisho wa safari uliotofautishwa kabla msafiri hajatimiza miaka 15. Mwaka 1828 akarudia kwa maneno ya wazi zaidi, akamtaka ajiandae kwa wito pekee wa msichana, yaani kuwa mama wa nyumba.

Hapa ndipo wasimulizi wengi husema "zama zile wanawake hawakuruhusiwa", wakafunga mjadala. Sikubaliani na maelezo hayo mafupi, kwa sababu katika zama zile zile, huko Leipzig, Clara Wieck, binti wa mwalimu wa piano, alipanda jukwaani tangu utotoni na alichapisha opasi yake ya kwanza mwaka 1831, akiwa bado mtoto. Baba yake Clara alimsukuma kwa sababu kipaji chake kilikuwa riziki na sifa ya nyumba. Kwa Abraham Mendelssohn, binti kupokea malipo ya tiketi au ya mchapishaji kungekuwa doa kwa familia ya kitajiri iliyojitahidi kukubalika katika tabaka la juu la Berlin, na iliyokuwa imewabatiza watoto wake mwaka 1816 kwa sababu zisizokuwa mbali sana na hizo. Kwa hiyo kilichomzuia Fanny kilikuwa jinsia pamoja na utajiri. Lau angezaliwa katika nyumba yenye uhitaji, huenda angelazimishwa kufanya kile hasa alichokitamani. Katika maisha yake yote, onyesho lake la hadhara linalojulikana ni moja tu, tamasha la hisani la mwaka 1838, na hata hapo alichokipiga ni konsetu ya kwanza ya piano ya mdogo wake.

Hata hivyo hakuna aliyemkataza kutunga, na hili ndilo linalofanya habari yake iwe ngumu kupimwa. Kazi zake zinazidi 450, na zaidi ya nusu ni nyimbo za sauti moja na piano. Mwaka 1829 aliolewa na Wilhelm Hensel, mchoraji wa kasri la Prussia, na mume huyu alikuwa tofauti na watu wa nyumbani kwao: alitaka mke wake atunge na alitaka achapishe, ingawa mwenyewe hakuwa mtu wa muziki. Harusi yenyewe ina kisa chake. Felix alikuwa ameahidi kutunga kipande cha kinanda cha kanisani cha kuwasindikiza maarusi, lakini alikuwa Uingereza, akiwa ameumia katika ajali ya gari la farasi, na kipande hakikufika. Fanny alikuwa amekwisha kutunga muziki wa kuingilia. Usiku wa kuamkia ndoa, tarehe 3 Oktoba, akakaa akatunga na ule wa kutokea. Bibi harusi anayemaliza kuandika noti za harusi yake mwenyewe saa chache kabla ya kuvaa shela ni mtu ambaye muziki kwake haukuwa pambo hata kidogo, barua ya baba iseme isemavyo.

Baada ya ndoa alijenga ulimwengu wake katika nyumba ya wazazi wake, Leipziger Straße namba 3, ambako yeye na Wilhelm walipewa makao upande wa bustani. Kuanzia 1831 aliyafufua matamasha ya Jumapili ambayo baba yake aliyaanzisha walipokuwa watoto, akayafanya yake. Alichagua vipande, alifundisha kwaya, alipiga piano, aliongoza. Katika ukumbi ule wa bustani zilisikika kazi za Bach, Beethoven na Gluck wakati ambapo nyingi kati ya hizo zilikuwa nadra kusikika kwingine, na miongoni mwa waliowahi kuingia humo walikuwemo mpigaji piano Franz Liszt na Clara Schumann, yule yule Clara Wieck, sasa akiwa na jina la mumewe. Wageni walialikwa, hawakulipa. Ndivyo alivyoweza kuwa kiongozi wa mojawapo ya kumbi muhimu za muziki za Berlin bila jina lake kubandikwa ukutani.

Mwaka 1834 aliletewa okestra ya ukumbi wa Königstadt ili ipige uvertura yake (kipande cha okestra cha ufunguzi) katika ufunguo wa C meja, na kiongozi wa wanamuziki akamkabidhi kifimbo. Alimweleza Felix kwa barua, kwa ucheshi wake wa kawaida, kwamba lau asingekuwa na haya ya kupita kiasi na kuona aibu kila alipopiga pigo, angeongoza vizuri tu. Mstari huo hunigusa kuliko barua zote za kulalamika, kwa kuwa ndani yake tunaona jinsi ufundi unavyohitaji mazoea ya mahali. Haya ya kushika kifimbo huisha mara ya kumi au ya ishirini. Mdogo wake alikuwa akiipata nafasi hiyo mara kwa mara, kazini, mbele ya wanamuziki waliolipwa. Fanny aliipata mara moja, akiwa na miaka 28, na uvertura hiyo ikabaki kuwa uvertura yake pekee.

Ndipo ninapofika kwenye kile ninachokiona kuwa hasara halisi. Mwaka ule ule alitunga kwarteti ya nyuzi, yaani muziki wa ala nne za nyuzi, katika E-bemoli meja, kazi ya kijasiri ambayo mwendo wake wa kwanza ni wa polepole na haukubali kutulia katika ufunguo mmoja. Felix aliusifu sehemu yake na kuulaumu umbo lake, kwamba unatangatanga. Fanny alijibu kwa kujichambua kwa ukali: alisema anakosa nguvu ya kuendeleza mawazo yake hadi yafike mwisho, na kwa hiyo anafaulu zaidi katika nyimbo. Ukisikiliza kwarteti hiyo leo unasikia mtu aliyezisoma kwarteti za mwisho za Beethoven na kuthubutu kuzijibu, jambo ambalo watunzi wachache wa Ujerumani walilithubutu wakati huo. Lakini yeye alikuwa na hakimu mmoja tu, naye alikuwa mdogo wake, mwenye masikio ya ajabu na mwenye kupenda umbo lililonyooka. Mtunzi mwingine angeipeleka kwarteti ile kwa wapigaji wa Vienna au Paris, angesikia maoni matano yanayopingana, kisha angeandika ya pili. Fanny hakuandika ya pili. Ile moja ikachapishwa katika miaka ya 1980.

Mwaka 1836 alimwandikia Karl Klingemann, rafiki wa familia aliyekuwa London, akieleza hali hiyo bila kujihurumia: kwamba hamu ya kutunga hupungua pale ambapo karibu hakuna anayetaka kuzisikia kazi zako, na kwamba mtu akikosa kabisa msukumo wa nje, raha yenyewe hufa. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kizuizi kilikuwa kimehamia kwa mwana. Mwaka 1837 mama yao, safari hii akiwa upande wa binti, alimsihi Felix amtie moyo dada yake achapishe. Felix alikataa. Alisema kuchapisha ni jambo la mtu anayetaka kuwa mwandishi maisha yake yote, atoe kazi moja baada ya nyingine. Fanny, alivyomfahamu, hana hamu wala wito huo, ana nyumba yake ya kuendesha, na akichapisha atasumbuliwa tu. Lakini akiamua mwenyewe, atamsaidia kadiri awezavyo. Kinachonishangaza ni kwamba miezi michache kabla ya hapo wimbo mmoja wa Fanny ulikuwa umetoka katika mkusanyiko, kwa jina lake mwenyewe, na Felix alikuwa amemwandikia kumshukuru kwa kuuchapisha licha ya matakwa yake yeye. Alijua kwamba wimbo ni mzuri na kwamba watu wameupenda. Tatizo halikuwa ubora hata siku moja.

Mwaka mmoja wa furaha kubwa ulikuja 1839 hadi 1840, walipokwenda Italia na kukaa Roma. Katika jumba la Villa Medici, makao ya wasanii wa Ufaransa waliopewa tuzo, Fanny alikutana na vijana ambao hawakuwa na habari ya yeye kuwa dada ya nani kwa maana ile ya Berlin, au kama walijua hawakujali. Charles Gounod, mtunzi wa Kifaransa ambaye wakati huo alikuwa kijana tu, alimkalia karibu na piano akitaka Bach zaidi na Beethoven zaidi, na uzeeni aliandika kwa heshima juu ya mpigaji huyo na mtunzi huyo. Kwa mara ya kwanza alisikilizwa na wanamuziki wageni, na akachanua.

Matunda ya safari ile ni kazi ambayo ningemshauri yeyote aanze nayo: "Das Jahr", yaani mwaka, vipande 12 vya piano, kimoja kwa kila mwezi, pamoja na cha kumalizia, vilivyotungwa 1841. Machi ina tenzi ya Pasaka ya Kilutheri, Desemba ina ya Krismasi, na cha kumalizia kimejengwa juu ya tenzi ya kuuaga mwaka wa zamani. Sikiliza Septemba. Mkono wa kulia unatiririka bila kusimama, kama maji ya mto, na Fanny mwenyewe alikipa jina hilo, "kando ya mto". Chini yake besi inagusa tu hapa na pale. Na katikati, mahali ambapo mpigaji hana mkono wa tatu, melodi inaimbwa kwa kugawana vidole, nzito na yenye huzuni, katika ufunguo wa B ndogo. Ukiwa huangalii noti huwezi kujua sauti ile inapigwa na kidole kipi. Nakala safi ya kazi hiyo aliiandika kwenye karatasi za rangi mbalimbali, Wilhelm akaipamba kwa michoro, na kila mwezi ukapewa beti zake. Ikawekwa nyumbani. Ilichapishwa yote kamili kwa mara ya kwanza mwaka 1989.

Kuna kazi nyingine ambayo safari yake ni ya kuchekesha kama isingekuwa ya kusikitisha. Mwaka 1828 Fanny alitunga sonata ya piano ya Pasaka, akaitaja katika shajara yake, kisha ikapotea. Muswada uliibuka Paris mwaka 1970 ukiwa na jina la F. Mendelssohn, na watu wakasoma herufi ile moja kama walivyozoea kuisoma. Ikarekodiwa kuwa ni ya Felix. Ilimhitaji mtafiti wa Marekani, Angela Mace, kuukagua muswada wenyewe mwaka 2010 na kuonyesha kwamba mwandiko ni wa Fanny na kwamba namba za kurasa zake zinajaza pengo lililokuwepo katika kitabu chake cha miswada kilichohifadhiwa Berlin. Mwaka 2017 ikapigwa London, na kutangazwa redioni, kwa jina la mwenyewe.

Mwaka 1846 wachapishaji wawili wa Berlin walimfuata, kila mmoja akitaka kazi zake. Tarehe 9 Julai alimwandikia Felix barua ambayo huanza kwa mzaha na haiwezi kuendelea hivyo: alisema kwamba akiwa na miaka 40 anawaogopa kaka zake kama alivyomwogopa baba akiwa na 14. Umri huo hakuutaja kwa bahati. Alikuwa na miaka 14 ile siku baba alipoandika kuhusu pambo. Safari hii, hata hivyo, hakuomba ruhusa, alitoa taarifa. Felix alichelewa kujibu mwezi mzima, kisha mnamo Agosti akampa baraka zake za kitaaluma, akimkaribisha katika chama cha watunzi kwa maneno mazuri. Fanny aliandika katika shajara kwamba anajua moyoni mwake Felix hakuridhika, lakini amefurahi kwamba hatimaye amepata neno jema kutoka kwake.

Opasi 1, nyimbo sita, ikatoka mwaka huo huo, na nyingine zikafuata kwa kasi ya mtu mwenye kabati lililojaa. Alianza kuandika kazi kubwa tena. Trio ya piano katika D ndogo aliitunga kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya mdogo wao Rebecka, Aprili 1847. Mwendo wake wa kwanza unafunguka kwa piano inayochemka chini, huku fidla na selo zikiimba pamoja melodi pana inayopanda bila kuomba radhi, na mwendo wa mwisho unaanza kwa piano peke yake, kama mtu anayefikiri kwa sauti kabla ya kuamua. Lile umbo ambalo miaka 12 iliyopita alisema hana nguvu ya kulibeba, hapa amelibeba.

Tarehe 14 Mei 1847, akiwa anafanya mazoezi na kwaya yake kwa ajili ya tamasha la Jumapili, mikono yake ilikufa ganzi kwenye piano, na usiku huo akafariki kwa kiharusi. Alikuwa na miaka 41. Kazi waliyokuwa wakiifanyia mazoezi ilikuwa ya Felix. Felix mwenyewe alianguka alipopata habari. Majira yale ya joto alitunga kwarteti katika F ndogo, yenye ghadhabu isiyopatikana katika kazi zake nyingine, na tarehe 4 Novemba naye akafa kwa kiharusi, Leipzig. Kabla ya hapo alikuwa amepeleka kwa mchapishaji wake baadhi ya kazi ambazo dada yake hakuwahi kuzitoa. Opasi 8 hadi 11 zilitoka mwaka 1850, na ya mwisho kati ya hizo ni trio ile ya D ndogo. Baada ya hapo sehemu kubwa ya kilichosalia ilibaki mikononi mwa ukoo, ikaja kuingia maktaba ya taifa ya Berlin katika karne ya 20, na hata huko ilikaa miaka mingi kabla watafiti hawajaanza kuifungua kurasa kwa kurasa katika miaka ya 1980.